Gari Lilisimama, Mama Hakusimama

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, fizikia imenijaa kichwani, na mjomba alikuwa amenikabidhi pikapu yake nipeleke mjini zabibu za mama kutoka Bahi.

Njiani tukamkuta Neema, binti niliyesoma naye, naye anakwenda mjini. Mama alikuwa kiti cha mbele. Nikamwomba ahamie nyuma, akae juu ya makreti. Hakunung'unika, alikaza kanga yake, akapanda. Hata sasa nikikusimulia natazama chini.

Basi nikawa naendesha huku naringa. Nikamweleza Neema sheria ya kwanza ya mwendo: kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda mpaka kani fulani ikizuie. Nikatoa na mifano, maana siku zile mdomo ulikuwa mwepesi. Mama akagonga bati la kabini.

"Baba, taratibu," alisema.

Nikaongeza mwendo, nisije nikaonekana naamrishwa na mama yangu.

Tulipokaribia Nkuhungu, mbuzi wakakatiza barabara. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likasimama, mama hakusimama. Alirushwa mbele, akajipiga kwenye kabini, mkono wake wa kulia ukavunjika.

Kule zahanati, mganga akauliza ilikuwaje. Mimi niliyeongea njia nzima sikupata neno. Mama akanitangulia: "Nimeteleza mwenyewe nikishuka." Neema akanitazama. Nikageuza uso.

Mkono ule haukurudi sawa. Mama hakusonga tena ugali kwa mkono wa kulia. Majirani walimpa pole ya kuteleza, mwaka baada ya mwaka mpaka tulipomzika, nami nimekaa papo hapo nasikiliza. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu amekwisha kuwa mtu mzima.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Sheria ile niliijua, nikaifanya pambo la kumtambia binti wa watu. Wewe ukishika usukani, kumbuka kwamba breki hushika gari, haimshiki aliyepanda. Punguza mwendo mapema. Mfunge mkanda kila uliyembeba, wala kiti cha mama yako usimpe mtu. Na ukimuumiza mtu, sema siku ileile, angali hai aweze kukusikia.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, na akujalie kuyatamka mapema maneno mawili yaliyonishinda: ni mimi.