Nasifiwa kwa kopo ambalo halikuniponya

Admin, jina langu lifunike kabisa, maana Watanzania wa Doha tunajuana mpaka kwa viatu. Mimi ni mwanamke wa miaka 42, kwetu Tanga, nasafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Sadd. Naona aibu hata kuandika, lakini jambo hili limenikaa kooni.

Mwaka jana walinipima wakakuta nina lehemu, yale mafuta ya kolesteroli, nyingi kwenye damu, nikapewa dawa ya kumeza kila siku. Haukupita muda mapaja yakaanza kuuma, nikiinama kutandika kitanda nainuka nimeshika ukuta. Mwenzangu akanionyesha kwenye simu vidonge vya virutubisho, eti vinatuliza maumivu yanayoletwa na dawa za lehemu. Nikanunua kopo, na dawa ya daktari nikaitupilia mbali. Baada ya wiki chache nikawa mzima. Basi mdomo wangu huu! Chumba kizima nikakihutubia: madaktari wanatujaza kemikali tu, dawa ni hii hapa.

Bi Zuhura akaniamini. Ni mama wa Unguja, tunakaa naye chumba kimoja, na ndiye aliyenifunza kazi nilipofika sijui hata kukunja shuka za hoteli. Naye alikuwa kwenye dawa za lehemu na miguu inamuuma. Akaacha zake, akaanza kopo, maumivu yakapungua. Tangu hapo ananiita daktari wake. Alimpigia binti yake simu ya video mbele ya wote, akasema, "Mshukuru dada yako huyu, ndiye aliyenrejeshea miguu yangu." Nikachekelea kama bibi harusi.

Kumbe niliporudi kliniki daktari alinikemea. Akasema maumivu yaliisha kwa sababu niliacha dawa, si kwa sababu ya kopo, na lehemu imepanda kuliko mwanzo. Akanibadilishia dawa, na hii hainiumizi. Naimeza bafuni kwa siri. Kopo nimeliacha juu ya kabati watu walione. Sikutaka kuvuliwa udaktari, ndugu zangu. Huo ndio ukweli, na unanuka.

Sasa Bi Zuhura akipanda ngazi anasimama katikati, mkono kifuani. Nilimwambia, "Mama, twende hospitali." Akanijibu, "Gesi tu hiyo, mwanangu. Mie daktari wangu si wewe?" Ningesema pale pale. Badala yake nikamchemshia tangawizi.

Wiki ijayo anakwenda likizo. Jana, wenzetu wote wakiwepo, akaniambia, "Hebu nnunulie kopo jengine nimpelekee dada yangu. Naye kaanzishwa dawa za lehemu, nishamwambia aziwache."

Nikimwambia ukweli, atajua kwamba miezi yote hii nimemtazama akidhoofika huku mimi najitibu. Nikinyamaza, naogopa nitakuja kumlilia msibani, na watu watanipa pole.

Mnaonisoma, nitukaneni, mkimaliza mnifundishe pa kuanzia. Nimwite pembeni, au niseme mbele ya wale wale niliojisifia kwao? Maana jana, pamoja na mdomo wangu wote huu, nilichomjibu ni maneno mawili tu: "Sawa, mama."