Kibali cha Kiboko

Siku yangu ya kwanza bomani Ifakara, miaka ya hamsini, karani mkuu alinionyesha mashine ya taipu akasema, "Hapa huandiki mawazo yako. Unanakili." Nilikuwa nimetoka shule ya misheni juzijuzi, kichwa kimenivimba.

Kazi ilikuwa kupiga matangazo kwenye stensili, karatasi ya nta ambayo herufi huitoboa ili wino upite, utoe nakala nyingi. Amri hazikuisha: panda muhogo, sajili baiskeli, usivue bila kibali. Tarishi, Mzee Likwembe, alizibandika kuanzia sokoni mpaka kivukoni kwa gundi ya unga wa muhogo. Hakujua kusoma. Kila asubuhi nikimwamkia aliitika, kisha akauliza, "Mwanangu, juu ni wapi?" Basi nikawa namwekea kijimsalaba cha penseli kwenye kona ya juu, asibandike kichwa chini.

Siku moja amri zilinichosha, nikapiga ya kwangu: "Kuanzia Jumatatu, kila kiboko aingiaye shamba la mpunga awe na kibali cha bwana shamba. Kiboko asiyejua kusoma atasomewa na mwenye shamba." Nikaichomeka kati ya nyingine, na kijimsalaba chake. Soko zima lilicheka. Nikajiona mjanja kweli.

Bwana Shauri, mzungu mkubwa wa boma, hakucheka. Alimsimamisha tarishi mbele yetu. "Nani alikupa karatasi hii?"

"Bwana, mimi huzikuta mezani."

Alifukuzwa kazi palepale, baada ya miaka mingi ya kutembea kwa miguu. Mimi niliinama nikaendelea kugonga taipu. Niliogopa, ndiyo hivyo.

Miezi ikapita ndipo nikapata moyo wa kumfuata kwake Lupiro. Nilimkuta anapepeta mpunga. Akaniomba nimsomee lile tangazo, naye acheke. Nikamsomea kwa kichwa, ila sentensi ya pili niliimeza. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Aliyeandika ana akili," akasema.

"Mzee, watu hawakumjua."

"Kijimsalaba chako kilikuwepo pale juu, mwanangu. Nilikiona."

Akarudi kwenye ungo wake. Hata samahani sikuitoa. Safari nyingine nilikuta matanga yake.

Nilistaafu nikiwa karani mkuu. Ninyi vijana mnaopenda kuwakejeli wakubwa, wakejelini, wanastahili. Lakini kwanza tazameni nani ameshika kopo la gundi.