Muchumba Wangu Alimuambia Profesa Kama Miye Nilikuwa Ninapika Tu

Admini, ninaomba ufiche jina yangu, hapa Kasongo tunajuana wote. Na ninyi munaosoma, musinitukane kwanza, musome mpaka mwisho.

Niko binti wa miaka ishirini na tatu, muzaliwa wa Wamaza, kule Kabambare. Ninaishi hapa Kasongo kwa mama mudogo, mudogo wake mama yangu, na ninasoma kazi ya kutengeneza programu za ordinatere, ni kusema kompyuta, kwenye iniversite. Niko na muchumba, nitamuita Dieudonné, hiyo si jina yake. Tunasoma darasa moja. Nilimupenda mbele hajanipenda, sitaficha, hata rafiki zangu walikuwa wananichekelea.

Mwaka huu profesa alitugawa kwa vikundi, kila kikundi kitengeneze programu moja yenye kufanya kazi kweli. Alisema programu haiko kazi ya mutu mumoja, kwa hiyo tujifunze kufanya pamoja, kugombana na kupatana. Sisi tulikuwa watatu: miye, Dieudonné na mwenzetu Saidi. Dieudonné akawa shefu, mukubwa wa kikundi. Nani angemukatalia? Yule anajua kuongea, hata mbuzi ingesimama imusikilize.

Tulichagua programu ya mizigo. Mutu wa Kasongo anapatia mwenye pikipiki kifurushi cha kupeleka Kabambare, kisha anakaa tu, hajui kama kimefika ao kimebaki kwenye matope njiani. Shida ni rezo, mutandao wa simu. Mama yangu kule Wamaza, akitaka kunipigia simu, anapanda kilima kwanza. Hapo nikawaza: habari ya muzigo ingoje ndani ya simu, halafu ikipata rezo ijitume yenyewe. Hiyo njo kipande ngumu ya programu, na miye njo niliiandika. Saidi alitengeneza sura yake, batani na rangi, tena vizuri. Dieudonné, eeh, Dieudonné alikuwa anatutia moyo. Akikaa kwenye mashini anabonyeza na kidole kimoja sawa kuku inadonoa muchele, miye ninacheka, ninamuambia, "Papa, sogea kidogo," kisha ninaandika na yake.

Tulikuwa tunafanyia kazi nyumbani kwa mama mudogo, kwa sababu kule kuna sola. Saa ya kula ikifika, nani atapika? Ni miye. Ninaandika, ninaamuka, ninasonga bugali, ninageuza sombe ya majani ya muhogo, ninarudi kwenye mashini na unga kwenye mikono. Hakuna mutu aliniamuru. Nilikuwa ninafurahi kumuona anakula.

Basi, wiki hii profesa akatuita mumoja mumoja, kila mutu aseme wenzake walifanya nini. Sheria yake tunaijua: asiyefanya kitu anarudilia mwaka, na mwenye kudanganya pia. Miye niliingia wa kwanza. Nikasema Saidi alifanya sura, miye nikaandika ile ya kungoja rezo, na Dieudonné ni shefu muzuri, bila yeye tungegombana kila siku.

Kisha akatuita wote watatu, uso wake umebadilika. Akasema, "Dieudonné, rudilia mbele ya wenzako yale umeniambia."

Dieudonné akaangalia ukuta. "Profesa, yule dada alitusaidia sana. Alikuwa anatupikia."

"Na programu?"

"Ile ya kungoja rezo niliandika miye."

Yule dada! Mutu ambaye wajomba zake wako njiani kuja kunitolea mahari! Saidi akaruka, "Aka! Uongo!" Profesa akanigeukia pole pole: "Binti, ni kweli ulipika tu?"

Mama yangu wee. Nilimuona Dieudonné jasho inamutoka kwenye shingo, inalowanisha shati niliyomupigia pasi asubuhi ile. Nikafungua mudomo niseme ukweli, ikatoka: "Ndiyo, profesa." Saidi akatoka inje bila kunisemesha, na mpaka leo hanisemeshi.

Profesa hakusadiki. Alisema, "Jumatatu Dieudonné ataonyesha programu mbele ya darasa. Weye ukitaka kusema kitu ingine, uje, utabadilisha kitu humo mbele ya macho yetu, tutajua mwenyewe ni nani."

Huko inje nikamuuliza Dieudonné, kwa nini? Akanishika mukono, bila haya. "Sheri, mupenzi wangu, iniversite inatafuta asista mumoja tu, wa kusaidia profesa kufundisha. Bibi akiwa asista na bwana ni bure, nyumba gani hiyo? Pointi zako na zangu si zinaingia nyumba moja? Weye ukirudilia mwaka, kitu gani? Saa ile utakuwa na mutoto kwenye mugongo."

Nililia mpaka mama mudogo akazani kuna mutu amekufa Wamaza. Nikamudanganya kama kichwa kinaniuma. Nilipika, hiyo ni kweli, na hapo njo ninaumia zaidi. Alichukua kitu nilichomufanyia kwa mapendo, akanifunga nacho mudomo.

Nikiongea Jumatatu, anaanguka, uchumba unaisha, na ninamupenda hata sasa, munisamehe. Nikinyamaza, ninarudilia mwaka, na mama yangu anayepanda kilima kuniuliza habari ya masomo, nitamuambia nini?

Leo ni Jumamosi. Amenitumia ujumbe sasa hivi: "Sheri, programu imegoma, nikibonyeza batani ya kutuma inajifunga. Unisaidie mbele ya Jumatatu. Wajomba wamefika salama kutoka Kabambare, wanauliza utawapikia nini."

Nimefungua mashini. Kosa nimeishaliona, ni mustari mumoja tu, aligusa mahali asipopajua. Ni miye peke yangu ninaweza kulitengeneza. Wapendwa, nilitengeneze ao niliache? Munishauri mbio, maji ya bugali imeanza kuchemuka.