Kilo za Maji

Kabla ya kuajiriwa kwenye maabara nje ya mji wa Kericho, Joab alikuwa karani wa kupima majani chai. Mkali ajabu: majani yakinyeshewa, alikata kilo za maji bila kusikiza mtu.

Siku hizi alipima panya weupe walioambukizwa kichocho. Waliugua, lakini uzito wao uliongezeka tu. Matumbo yalijaa maji, migongo ikabaki mifupa mitupu. Nao walimkodolea macho kimya, kama wanaomjua.

Jioni moja mkewe Dorcus alimpapasa tumbo akicheka.

"Baba Beverly, Kericho imekukubali! Umenona."

Joab, aliyelelewa akiogelea ziwani kwao, akacheka pia. Kisha akapeleka mkono mgongoni, polepole. Kila pingili ilikutana na kidole chake.