Lita Ishirini za Salgaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kompyuta tupu, kikombe cha chai na mwongozo uliochapishwa karatasini. Nilikuwa nimepiga chapa katika ofisi za watu miaka mingi, mvi zimeanza kuchungulia, na wenzangu wapya karibu wote wangeweza kuwa wanangu; waliniita Mathe, yaani mama. Kampuni yetu, pale Nakuru mjini, ilitengeneza programu ya kuwatumia wafugaji ujumbe wa simu maziwa yao yakishapimwa. Mafundi wa kompyuta katika viwanda vya maziwa walisoma mwongozo wetu na kunakili mifano ya msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta hufuata neno kwa neno. Kazi yangu ilikuwa kuijaribu mifano hiyo kabla haijawafikia.

Meneja wa Miongozo, mama mpole asiye na maneno mengi, aliniambia, "Hawa vijana wanajua sana, ndiyo maana hawaoni. Wewe fuata tu chenye imeandikwa. Lakini uko kwa majaribio miezi tatu, na ni Mhandisi Mkuu anasaini."

Nilikuwa na binti chuoni na chumba cha kupanga Bondeni. Niliitaka kazi hiyo sana.

Kila asubuhi nilifuta kila kitu kwenye kompyuta nikaanza upya, kama mtu asiyetujua kabisa, nikichapa kilichoandikwa na si zaidi. Mifano ilianguka ovyo. Mmoja ulitaka faili iliyokuwa kwenye kompyuta ya aliyeuandika peke yake. Mwingine uliruka hatua ambayo ofisi nzima ilikuwa nayo kichwani. Nyani haoni kundule. Niliyazungushia makosa kalamu nyekundu, na nakiri nilifurahia.

Mwezi wangu wa tatu nikafikia mfano wa Mhandisi Mkuu mwenyewe. Ulituma ujumbe huu: "Mama, lita zako ishirini zimepokelewa." Kompyuta ikajibu kwamba umetumwa. Mimi sikuupitisha.

"Mathe, shida ni gani?" akaniuliza, mandazi mkononi. "Hiyo iko sawa. Si imesema imetumwa?"

"Imetumwa, boss. Nani ameipata?"

"Hiyo sasa si kazi yako. Weka tiki, mwongozo unatoka leo."

Meneja alinitazama, kisha akainamisha macho. Fomu yangu ya ajira ilikuwa mezani kwa huyo bwana, haijasainiwa. Niliogopa, sitasema uongo. Hata hivyo nilichukua simu ya ofisi, nikapiga namba iliyoandikwa kwenye mfano, nikaweka spika, nikasema ni sisi wa ujumbe wa maziwa.

"Kumbe ni nyinyi," sauti ya mama mtu mzima ikajaa chumbani. "Kila siku mnaniambia maziwa yangu imefika. Mimi sina ng'ombe, niko na hoteli hapa Salgaa. Hiyo maziwa mnapeleka wapi?"

Mhandisi Mkuu akaacha kutafuna. "Mama?"

Mama akaitambua sauti. "Ni wewe? Kunipigia hupigi, lakini maziwa hewa unanitumia."

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Alikuwa ameweka namba ya mamake kwa sababu ndiyo aliyoikariri, na kila aliyeujaribu mfano hapo ofisini alimpelekea mama huyo lita ishirini. Mwishowe naye alicheka, akasaini fomu yangu akiwa wima. Jumamosi alienda Salgaa kumwona.

Ofisi ikanunua kisimu cha bei ya chini na laini yake, namba hiyo ndiyo ikawekwa kwenye mfano. Kilikaa mezani kwangu. Hakuna mfano wa ujumbe uliopita mpaka kilie. Baadaye nikawa mwandishi wa miongozo, na Meneja alipoondoka nikakalia kiti chake, kisimu kando yangu.

Siku ya kustaafu walinipa kisimu chenyewe. Miongozo mipya ina namba nyingine, lakini ile ya zamani bado iko mikononi mwa watu. Siku hizi niko Kiamunyi na kuku wangu, na vijana wakiniuliza siri ya kazi nawaambia: mwulizeni anayepokea.

Jana nilikuwa nikipalilia sukuma kisimu kikalia. "Mama, lita zako ishirini zimepokelewa." Mahali fulani, mtu nisiyemjua alikuwa amefuata tulichoandika, na si zaidi, na kikamkubalia mara ya kwanza. Niliegemea jembe nikatabasamu peke yangu.

Zimefika, mwanangu.