Mama Kwa Nini na riwaya iliyokatwa vipande

Saa nane mchana, shibe imeshawalaza wengi, lakini darasa la mwishoni mwa baraza linawaka moto.

"Huyu baba mnamwonea," anasema msichana wa dawati la mbele. "Ukurasa wa kumi na mbili anauza baiskeli yake ili mtoto asome."

"Wewe umeishia mwanzoni," anamjibu kiranja. "Njoo huku mwisho uone anavyomfukuza bintiye."

Mwalimu wao wa fasihi, mwanamke mfupi anayeitwa Mama Kwa Nini kwa sababu ya swali lake lisiloisha, ameegemea dirisha akiwasikiliza. Wanafunzi ni arobaini, na riwaya waliyonayo ni nakala moja tu. Muhula uliopita alisema liwalo na liwe, akaikata kwa wembe vipande sita.

"Iliniuma, nisikufiche. Lakini kitabu kikifungiwa kabatini kinamfaa nani?" anasema.

Mumewe, seremala, ndiye aliyemshikia rula. "Nilimwambia, mke wangu, wakikufukuza, randa ipo," anasema akicheka.

Kosa lilikuwa kugawa vipande vyote siku moja. Kabla hawajabadilishana, kila kundi lilikuwa limeshamhukumu baba wa hadithi kwa kurasa zake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, darasa likagawanyika.

"Nilitaka kuvikusanya tuanze upya. Wakakataa katakata. Wakasema, Mwalimu, tuache kwanza tumalizane." Tangu hapo ndivyo anavyofundisha: tetea kipande chako kwa maneno yaliyomo, kisha chukua cha mwenzako uone kama utashikilia msimamo.

Tatizo ni kwamba somo lenyewe linaning'inia. Mwalimu mkuu anataka kulifuta muhula ujao, vipindi vyake viende kwenye hesabu na kompyuta. Kikao cha walimu cha kuamua ni Ijumaa.

Na leo kelele zimemleta mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu," anasema kiranja. "Wewe ni mzazi. Ungemfukuza binti yako?"

"Kama angenidanganya, ningemfukuza."

"Kwa nini?" linauliza darasa zima.

Mwalimu mkuu anavuta kiti. Anabishana nao mpaka kipindi kinakwisha. Akitoka anamwambia mwalimu, "Sijabadili mawazo," ila kipande cha katikati anakwenda nacho ofisini.

Mama Kwa Nini hadanganyiki na dalili njema. Anaogopa, na anasema hivyo waziwazi: miaka kumi na tisa ya kazi yake inaweza kwisha kwa kura ya mikono. Lakini mpango anao.

"Ijumaa sitaomba huruma," anasema, akifuta ubao. "Nitaingia na wawili kati ya hawa, wajitetee wenyewe. Walimu wakiwashinda kwa hoja, nitafunga mdomo. Wakinishinda kwa kura tu, tutasomea hapo nje, saa ya mapumziko."

Wanafunzi wameshaanza kugombania nani aingie kikaoni.