Neno la Kuvutia

Ilikuwa mwaka sabini na tatu. Hapana, tusiusingizie mwaka wa watu: sabini na tatu wale wa ng'ambo ya mbuga walikuwa bado kwenye tembe zao za zamani, kila ukoo na kilima chake. Ilikuwa sabini na tano, mvua za mwanzo wa mwaka, wakati wamekwisha kuhamishiwa kijiji kipya, na ile Landrova ilikuwa imebaki na kioo kimoja tu cha pembeni, nacho kimepasuka. Basi, sabini na tano.

Dereva wa Landrova hiyo aliitwa Leonidas. Alikuwa mtu wa Mtinko kwa kuzaliwa, wa Unyambwa kwa kuoa, na wa barabarani kwa kazi. Alichunga ng'ombe wa baba yake, akakua akawa mshika plau, kisha akaenda kubeba kokoto kwenye kambi ya barabara, na huko ndiko alikojifunza kushika usukani. Ushirika ulipopata pikapu hiyo ya Landrova, alipewa yeye, ya kubebea mbegu na kupeleka wakubwa mikutanoni. Lakini gari ni kama mtu: halifanyi lile lililoajiriwa tu. Lori limezama Misigiri? Aitwe Leonidas. Trekta limelala mtaroni? Aitwe Leonidas. Watu walisema gari lile lina roho ya fahali. Yeye alijibu kwamba halina roho, lina gia ndogo.

Kumtazama akivuta ilikuwa raha. Kwanza hakuwa na haraka. Alishuka, akauzunguka mzigo uliokwama, akachomeka fimbo kwenye tope kuona linaishia wapi, akaupikicha udongo vidoleni kama mwanamke anayejaribu unga. Alitoa upepo kidogo kwenye matairi ili yatandaze mguu. Alitandika matawi. Juu ya mnyororo alitupia gunia lililoloa, maana mnyororo ukikatika haumtazami mtu cheo, na gunia huupunguzia ukali. Ndipo aliweka fowili, magurudumu yote manne yavute, akaingiza gia ndogo, akaunyoosha mnyororo polepole mpaka ukakaza. Hapo akasimama. Hakuvuta. Alisubiri neno.

Hilo neno ndilo lililokuwa na kisa.

Hapo mwanzo neno lilikuwa "haya", kama kwa kila mtu. Lakini haya ni neno gani? Ukiambiwa twende, unasema haya. Ukikatazwa, haya. Ukichoka na maneno ya mtu, haya, haya. Kule Misigiri, msaidizi wake Laurian alikuwa bado ameinama anafunga ndoano, mpita njia akamwambia mwenzake wataonana mnadani, mwenzake akaitikia kwa sauti, "Haya!" Leonidas akavuta. Laurian akapoteza kidole cha shahada, na mpaka leo akionyesha njia huonyesha kwa kidole cha kati, watu wanacheka.

Leonidas yeye hakucheka. Tangu siku ile, kila kazi ilikuwa na neno lake, neno lisiloweza kumtoka mtu kwa bahati mbaya mahali pale. Alilinong'oneza kwa mtu mmoja tu, yule wa kwenye mnyororo. Bila neno hilo gari halitikisiki, hata watu mia wapige kelele. Aliwahi kutumia "nyangumi", likafaa sana. Alitumia "chumvi" karibu na ziwa la Singida, akajuta, maana kule kila wa pili anazungumzia chumvi.

Sasa, kijiji kipya cha ng'ambo ya mbuga hakikuwa na mashine ya kusaga. Wanawake walijitwika mtama mpaka Mtinko, wakashinda kwenye foleni, wakarudi giza limeingia. Walipochoka walikusanya mavuno yao, gunia kwa gunia, na kijiji kikapata mashine: injini na kinu chake, vimefungwa juu ya tela la trekta. Trekta likavuka mbuga vizuri mpaka karibu na ukingo wa pili. Hapo likazama, tela likazama zaidi. Walipolifungua trekta lilijikwamua lenyewe, likafa injini pale juu ng'amboni. Tela likabaki kwenye tope jeusi, na kule milimani mawingu yalikuwa yameshaanza kumwaga. Kila mtu alijua: mto ukishuka, mbuga inakuwa ziwa mpaka kiangazi. Mashine ingelala humo na kuoza.

Leonidas alifika mchana, akavuka kwa pembeni palipokuwa bado pagumu. Aliuzunguka mzigo, akachomeka fimbo, akatikisa kichwa.

"Nguvu ninayo," alisema. "Uzito sina. Gari litacheza mguu. Nataka watu wakae huku nyuma kwenye bodi."

"Wanaume wanasukuma tela," alisema mwenyekiti wa kijiji, ndugu Gaspari. "Chukua akina mama."

Wakapanda kina mama wazito wazito, wakisukumana na kucheka. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mnene aliyeitwa Mama Theodora.

"Shikamoo, mama," Leonidas alimsalimu, akimshika mkono apande.

"Marahaba, baba. Leo umeniona na mimi nina kazi ya Serikali."

"Kazi yako kubwa kuliko yangu, mama. Usishuke tu."

Mtu wa mnyororo aliteuliwa Antipasi, kijana mwenye nguvu, mume wa Theodora. Kwa hiyo yule bibi alikuwa mama mkwe wake. Leonidas alimvuta kando. Asubuhi ile alikuwa amemkumbuka marehemu mama yake, ambaye enzi za plau ndiye aliyekuwa akiwatangulia ng'ombe kwa mbele, na ng'ombe hawakuondoka mpaka aseme yeye. Akaona atumie jina lake. Alikuwa ameuliza kidogo: hapa kijijini hakuna anayeitwa hivyo.

"Neno ni Raheli," alinong'ona. "Jina la mama yangu. Ukiwa umetoa mikono, umesimama kando, piga kelele Raheli. Umenielewa?"

Antipasi akafumba macho kidogo, kama aliyemeza mfupa.

"Haya," alisema.

Leonidas alirudi kwenye usukani. Mvua ikaanza. Kioo kilichopasuka hakikuonyesha kitu ila migongo ya kina mama. Aliweka fowili, akaingiza gia ndogo, akaunyoosha mnyororo. Ukakaza. Akasubiri.

Neno halikuja.

"Vuta!" wakapiga kelele wanaume wa tela. "Haya! Haya! Vuta!"

Mguu wa Leonidas haukutikisika. Alichungulia dirishani. "Antipasi! Neno!"

"Tayari, kaka!"

"Tayari si neno!"

"Nimetoa mikono!"

"Mtu aliyebanwa naye husema chochote! Neno!"

Maji ya kwanza yakaja, mekundu, yakibeba majani makavu, yakayalamba magurudumu ya tela. Gaspari alikimbia huku na huku kofia mkononi. "Dereva, mashine inakwenda na maji! Unasubiri posta?"

"Nasubiri neno."

"Sema hilo neno, Antipasi!" kina mama wakapiga kelele. "Umekunywa nini?"

"Ni jina la mama yake!" alilia Antipasi. "Kaka, si unalijua mwenyewe!"

"Nalijua. Nataka kulisikia."

Leonidas naye hakuwa kipofu. Aliyaona maji. Aliwaza kuachia mguu, liwalo na liwe. Kisha akakiona kile kidole cha Laurian, akaukaza moyo. Heri mashine ioze kuliko mtu. Na pale kwenye mnyororo Antipasi aliitazama mbuga ikijaa, akamtazama mkewe ukingoni na kapu lake la mtama, akageuza uso kuelekea milimani kama mtu anayejivua nguo, akapasua koo:

"Raheliii!"

"Abee!" akaitika Mama Theodora, palepale nyuma ya shingo ya dereva.

Leonidas akaachia klachi.

Hakuruka. Hata wakati ule hakuruka. Landrova ilikoroma chini kwa chini, magurudumu manne yakatafuna matawi, ikajikokota polepole hivi kwamba ungetembea kando yake ukimenya karanga. Tope lilishikilia, likanung'unika, likaachia kwa mlio kama wa busu. Tela likapanda ukingo na mashine yake juu, na nyuma yake mto ukafunga njia.

Hakuna aliyeshangilia mara moja. Wote walikuwa wanamtazama Antipasi, ambaye alikuwa amekaa kwenye tope amejifunika kichwa. Amemwita mama mkwe wake kwa jina, jina ambalo mkwe halitamki, mbele ya kijiji kizima, naye ameitika! Ndipo Leonidas alipofahamu. Kijijini pale hakuna aliyemwita bibi yule Raheli tangu alipomzaa Theodora. Alikuwa ameuliza jina, na watu walimjibu kweli: hakuna anayeitwa hivyo.

Alishuka, akavua kofia. "Mama, nisamehe. Kosa si la mkweo. Neno nimempa mimi."

Mama Theodora alikuwa bado ameketi kwenye bodi, maana aliambiwa asishuke. Alimtazama, midomo ikimcheza.

"Miaka thelathini sijalisikia jina langu," alisema. "Leo limevuta mashine." Kisha akaugeuzia uso ule mgongo uliojikunja topeni, akasema kwa sauti ya kuamuru: "Mbuzi atatoka kwa Antipasi, kama desturi inavyotaka. Na wa pili atatoka kwa dereva, kwa sababu yeye ndiye aliyenifumania."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka ng'ambo, ambako sasa hapakuwa na njia ya kurudi. Kwa hiyo Leonidas na gari lake walikwama kijijini mpaka maji yapungue. Mashine ilisimikwa, ikasaga, akala ugali wa unga wake wa kwanza. Mbuzi wake alimpata kwa mkopo wa heshima, na ndiye aliyekuwa mnono zaidi. Antipasi aliketi mbali na mama mkwe wake, uso ameupa ukuta, lakini alikula.

Hapo ndipo Leonidas aliposimama na kipande cha ubavu mkononi, mtu mzito wa maneno kama alivyokuwa, akawaambia mashahidi wote. Haya ni ya kila mtu. Chumvi ni ya wenye ziwa. Majina yana mama wakwe. Kesho ataitwa kuvuta lori jingine, na mtu mwingine ataweka mikono yake kwenye mnyororo. Aliwauliza wazee, akawauliza kina mama, na baadaye akauliza kila kijiji alichovuta kitu mpaka alipostaafu na kurudi Unyambwa. Watu walicheka, wakawaza, naye akauliza tena.

"Basi nipeni ninyi. Katika nchi hii nzima, kuna neno lisilo na mwenyewe?"